Kofia ya Kamera ya Saud

Alasiri moja ya mwaka 1956, kwenye baraza yetu ya Mkunazini, Jecha bin Mcha aliweka kikombe cha kahawa chini akatoa picha ya harusi ya binti yake. Binti alikwisha kuhamia Pemba, na mkewe Jecha, Bi Mwanakheir, alifariki mwezi wa Rajabu. Marehemu alipigwa picha mara moja tu maishani, ndiyo hiyo, na alisimama mwisho kabisa, ubavuni pa mumewe. Pembe zote nne za picha zilikuwa nyeusi. Yeye alikuwa ndani ya mojawapo.

— Kosa la kofia hilo, alisema Gharib, karani mstaafu tuliyemwita Balozi. Saud mpiga picha kaivisha kamera kofia ya bati, ati ukuta wa chokaa usitupe jua kwenye kioo. Jua kalizuia, na Bi Mwanakheir kamzuia.

Simai, fundi bati, tulimwita Injinia.

— Kanambia, nifanyie kofia. Nikamfanyia kofia, duara na ndefu, kama hiyo yako. Angetaka sanduku angesema sanduku.

— Picha ina pembe nne, Injinia. Duara refu litaacha kuzila pembe?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo imeingiaje hapa?

— Mwanga ndiye mgeni.

— Basi mgeni wako kafungiwa mlango. Jecha, ianike juani siku saba. Weusi utapauka, utamwona.

— Usimsikilize, alisema Simai. Mwanga wake umeganda ndani ya bati. Nikiipasua ile kofia, tutamkuta.

— Ipasue, alisema Jecha.

Hakuna aliyecheka.

Saud mwenyewe alifika, akatoa salamu, akaiona picha.

— Nshaitazama filamu yake, Mzee Jecha. Pale mwanga haukufika. Hamna kitu cha kutoa. Lakini ntamchora kwa brashi. Uso ntauiga wa binti yake, wamefanana. Niambie tu, siku ile alijitanda nguo ya rangi gani?

Jecha aliitazama pembe ile nyeusi. Kisha alitutazama sisi, mmoja mmoja. Sote tulikuwapo harusini. Balozi aliinamia kikombe chake, na mimi nikafanya vivyo hivyo.

— Alikuwa kushoto kwangu, alisema Jecha.