Kiti cha Verlene Haugstad Kwenye Kaunta ya Sawpit

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Verlene Haugstad anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya misitu ya Sawpit kwa miaka thelathini na miwili. Sherehe itafanyika saa kumi jioni katika ukumbi wa zimamoto. Pai ya hakleberi, zile beri za mwituni, ataleta mwenyewe. Tulimwambia mgeni wa heshima haji na chakula, akajibu kwamba sherehe isiyo na pai ni mkutano tu, na mikutano imemtosha.

Alianza kazi Juni 1993 kama kibarua wa msimu, akipaka rangi vibao vya njia za msituni. Msimu uliofuata aliwekwa chumba cha redio. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuomba aondolewe, na hakutoa sababu. Akapelekwa kaunta ya wageni, na hapo amekaa hadi leo. Wakuu sita wamepita katika ofisi hii. Kila mmoja alipofika aliuliza kahawa iko wapi, na kila mmoja alijibiwa na Verlene.

Wenzetu wapya wakumbuke kwamba kaunta hiyo hutoa kadi za kuingilia ardhi za umma. Kuna ya wazee, kwa aliyefikisha miaka sitini na miwili, ambayo humpa punguzo. Kuna ya mwenye ulemavu wa kudumu, ambayo ni bure, na haiishi muda maadamu mwenyewe yu hai. Sheria inatukataza kumuuliza mtu ana ugonjwa gani. Anatuonyesha barua ya daktari au ya serikali, anatia sahihi, basi. Inaonekana rahisi. Sisi tuliomkaimu Verlene siku za likizo zake tunajua kwamba si rahisi hata kidogo. Mtu huja amejiandaa kuhojiwa, na wewe umejiandaa kutomhoji, mnabaki mnatazamana.

Verlene alikuwa na namna yake. Kabla ya karatasi yoyote, alikunjua ramani ya wilaya juu ya kaunta na kuuliza, "Unataka kwenda wapi?" Mtu akishaweka kidole kwenye ramani husahau kuona haya. Ataeleza mwenyewe umbali anaoweza kutembea, na kama mkewe ataweza kushuka ngazi. Kutokana na majibu ya namna hiyo Verlene aliandika ripoti miaka kadhaa mfululizo, mpaka Ziwa Ermine likapata njia ya mbao kutoka kwenye maegesho hadi ukingoni mwa maji. Kambi namba saba na namba nane zilizo kando ya njia hiyo sasa zimetengwa kwa wenye kadi ya ulemavu.

Walikuja pia watu wa ajabu. Bibi mmoja kutoka mji wa Butte alimwombea kadi ya wazee mbwa wake, akitoa hoja kwamba kwa umri wa mbwa mnyama huyo alikuwa na miaka tisini na moja. Verlene alimsikiliza mpaka mwisho. "Kadi ni ya mtu, mama," akamwambia. "Lakini wewe ukiwa nayo, yeye anaingia kama abiria. Mwambie asikae mbele." Bibi aliondoka na kadi yake, ameridhika, na mbwa akapanda nyuma.

Kuna mambo mawili juu ya Verlene yaliyotutatiza kwa muda mrefu. La kwanza ni kiti chake. Kaunta yetu ina nafasi nne, naye alichagua ile ya mwisho kushoto, iliyobanana na ukuta karibu na mlango, mahali ambapo upepo wa Januari hupita kama una miadi. Mara nyingi tulimbembeleza ahamie karibu na hita. Alikataa kwa adabu. Wengine walisema anapenda kuona magari yanayoingia. Wengine walisema ni ukaidi wa Kinorwe aliorithi kwa wazee wake. La pili, siku zake za mapumziko alilipa kiingilio kamili getini kama mgeni yeyote. Alipotimiza miaka sitini na miwili tulidhani angejiandikia kadi ya wazee siku ileile. Miaka miwili ikapita, bado analipa.

Majibu tuliyapata mwaka huu, na aliyetupatia ni Orrin Maddock.

Orrin wengi mnamfahamu. Kwa miaka mingi aliongoza nyumbu wa mizigo, akiwapelekea wazima moto chakula na vifaa huko juu kusikofika gari. Moshi wa miaka hiyo umemharibia mapafu, na sasa anakokota mtungi mdogo wa oksijeni wenye magurudumu. Mwezi wa Mei alinunua pikapu ya marehemu Emmett Strand kutoka kwa mjane wake. Kwetu gari huuzwa na vilivyomo. Kamba, nyundo, themosi, glavu za mkono mmoja, vyote huenda na gari, na hakuna anayeona ajabu. Kwenye kioo cha mbele ilining'inia kadi ya wazee ya Emmett. Orrin akaona nayo imo kwenye bei.

Jumamosi tarehe 5 Julai aliendesha hadi Ziwa Ermine na mkewe, Lavelle. Mlinzi wa getini alisoma jina kwenye kadi, akamwomba kitambulisho, kisha akamrudisha mbele ya foleni ya magari. Jumatatu asubuhi Orrin alikuwa kwenye kaunta yetu. Kadi aliibwaga mbele ya Verlene.

"Kijana wenu ameniaibisha. Kadi ninayo, gari ninalo, kanirudisha kama mwizi."

"Kadi hii ni ya nani, Orrin?"

"Ya gari."

"Gari linaitwa Emmett Strand?"

"Emmett hana kinyongo. Yuko makaburini."

"Nilimwambia," alisema Lavelle kutoka nyuma. "Nikamwambia kadi ni ya mtu. Akanijibu kwamba hata nyundo ilikuwa ya mtu."

Verlene aliitia kadi ile kwenye bahasha, na jioni aliipeleka kwa mjane mwenyewe, kwa mkono, kwani kuna majina yasiyostahili kutupwa kwenye pipa la ofisi. Lakini kwanza alikunjua ramani na kumuuliza Orrin anataka kwenda wapi. Kidole cha Orrin kilienda moja kwa moja Ziwa Ermine, ukingo wa mashariki, kambi namba saba.

Hapo ndipo tulipoelewa kilichompeleka kule. Kila vuli, kabla theluji haijafunga barabara, kulungu wakubwa huteremka alfajiri kunywa maji upande ule. Orrin aliwaona mwaka baada ya mwaka akiwa na nyumbu wake, na alitaka kuwaona tena. Kutoka kambi nyingine hadi majini hawezi tena kutembea. Daktari wake alikuwa amemwambia kwamba vuli hii anaweza kupanda hadi ziwani, huko juu kwenye hewa nyepesi. Kuhusu vuli ijayo hakumwahidi kitu.

"Saba ni ya wenye kadi ya ulemavu," Verlene akamwambia.

"Nitasubiri ya wazee. Nina hamsini na tisa. Miaka mitatu si mingi."

"Ya wazee itakupa punguzo. Haitakupa namba saba."

Orrin aliutazama mtungi wake kana kwamba kuna mtu ameusahau pale. "Mimi si mlemavu," alisema. "Napungukiwa na pumzi tu."

"Mwaka wa tatu sasa anapungukiwa tu," alisema Lavelle.

Verlene hakumsukuma. Alikunja ramani na kumtakia siku njema. Jumatatu iliyofuata Orrin alirudi. Alikuwa ametoka kliniki ya mapafu na akapita kuangalia ramani. Jumatatu ya pili yake akaja tena. Ilikuwa kawaida sasa: Verlene anakunjua, Orrin anaegemea kaunta anapata pumzi, wanaongea juu ya nyumbu, juu ya madaraja yaliyobomoka, juu ya nani amekufa. Kadi haitajwi. Sisi wengine tulikuwa tunahesabu wiki zilizobaki kabla ya theluji na tulitamani kumshika Orrin mkono tumtilie sahihi. Verlene alitukataza kwa macho.

Tarehe 18 Agosti Orrin hakuitazama ramani. Alimtazama Verlene, akauliza, "Wewe unayo?"

"Ninayo nini?"

"Hiyo kadi unayotaka nichukue."

"Sijasema nataka uchukue kitu."

"Husemi, lakini unakunjua ramani kwa sauti. Unayo?"

"Sina."

"Na hilo sikio?"

Orrin aliendelea bila haraka, kama mtu anayekagua mnyama mnadani. "Nimekuangalia kila Jumatatu. Nilikuwa na nyumbu mmoja, Juniper, asiyesikia upande wa kushoto. Ukimfunga katikati ya wenzake anatapatapa. Ukimfunga mwisho, kushoto kwake kuwe na mwamba, anatulia. Wewe umejifunga mwisho, mama. Tena penye baridi."

Verlene alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatuambia, sote tuliosimama pale na kalamu hewani, kwamba sikio lake la kushoto halijasikia chochote tangu alipougua surua akiwa mdogo, na kwamba la kulia limekuwa likififia kwa miaka. Chumba cha redio kilimshinda kwa ajili hiyo. Kiti cha mlangoni alikichagua kwa ajili hiyo, ili kila anayesema naye awe kulia. Barua ya daktari angeweza kuipata wakati wowote.

"Basi mbona huna?" Orrin aliuliza.

Verlene alivaa tena miwani. "Nilijiona mtu wa upande huu wa kaunta," alisema. "Kadi ni za watu wa upande huo."

"Na mimi nilijiona mtu wa upande wa nyumbu," alisema Orrin, akakokota mtungi wake akatoka.

Asubuhi ya pili Verlene aliomba ruhusa kwenda kwa daktari. Tarehe 12 Septemba alikuwa na barua, na alikuwa amempigia simu Lavelle amlete Orrin siku hiyo, ingawa ilikuwa Ijumaa. Kwa kuwa mtu hawezi kujipa kadi mwenyewe, alizunguka akasimama upande wa wageni, na mimi ninayeandika haya nikaketi kwenye kiti chake. Ni kweli, pana baridi kali. Nikafungua faili kwa utaratibu wote na kumuuliza hali yake ilianza lini.

"Hilo huulizi," alisema Orrin.

"Haruhusiwi kabisa," alisema Lavelle.

"Muulize anataka kwenda wapi," alisema Orrin. "Kwani hujamwona akifanya kazi?"

Nikakunjua ramani, nikamuuliza Verlene anataka kwenda wapi. Aliinama juu yake kama hajawahi kuiona.

"Ziwa Ermine," alisema. "Namba nane."

"Nane ina mbu," alisema Orrin.

"Basi namba saba."

"Saba ni yangu."

"Kwa kadi gani?"

Orrin aliiinamia ramani tena. Mtungi wake ulikuwa ukitoa kile kisauti chake kidogo. Verlene alitia sahihi kadi yake taratibu, akaipuliza wino ukauke, akaiinua mwangani. "Nimeshapata yangu," alisema. "Wiki ya mwisho ya Septemba iko wazi. Nikae namba saba au nisikae?"

Lavelle alikuwa ameshafungua mkoba. Barua ya daktari ya Orrin ilikuwa humo tangu Julai, ndani ya mfuko wa nailoni ili isichafuke. Aliiweka juu ya kaunta. Orrin aliitazama barua, akamtazama mkewe, akamtazama Verlene.

"Nipe kalamu," aliniambia. "Huyu mama ananiibia kambi."

Bwana na Bibi Maddock walilala namba saba siku mbili. Lavelle alitusimulia kwamba alfajiri ya pili Orrin alimwamsha kwa kumgusa bega, akamwonyesha kwa kidole, akanong'ona, "Wanakuja." Walikuwa kumi na mmoja, na dume mmoja nyuma. Orrin alikaa kwenye njia ya mbao amejifunika blanketi mpaka jua likatoka. Walipofika getini wakirudi alimwonyesha mlinzi kadi kabla hajaombwa, na kumwomba asome jina kwa sauti. Wiki iliyofuata theluji ilianguka na barabara ikafungwa.

Verlene hakwenda. Alikuwa na kazi ya kufundisha mrithi wake. Lakini ameshaweka nafasi ya namba nane kwa Julai ijayo, na amenunua dawa ya mbu.

Kwa watakaohudhuria sherehe, angalizo la mpangilio: Verlene atakaa katikati ya meza kuu. Kiti cha kulia kwake ni cha Orrin Maddock, na wote wenye jambo la kumwambia wapange foleni upande huo. Kiti cha kushoto tumempa mkuu wetu, Bwana Quist, ambaye ameandaa hotuba ya kurasa tisa. Mpango huu ameupendekeza mstaafu mwenyewe.

Verlene, asante kwa miaka thelathini na miwili kwenye upepo wa mlangoni. Ramani yako tumeibandikia gundi pale inapochanika, na itakunjuliwa kabla ya karatasi yoyote, kwa kila mgeni, na swali litakuwa lilelile. Tunakuombea afya na miguu myepesi, na ufike kila mahali ulipowaonyesha wengine kwa kidole.