Mara Ishirini na Tisa, Bila Jogoo

Ndugu zangu walimu wa Nachingwea, na ninyi mliopanda lori tangu alfajiri kutoka Ruangwa, salaam kwenu. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze nilivyoanguka nilipokuwa nasoma shahada ya pili. Nitasema yote. Mkicheka, chekeni kwa sauti, maana hata mimi sasa nacheka.

Nilikuwa nasomea teknolojia ya elimu, yaani namna ya kufundisha kwa redio, picha na kanda. Utafiti wangu ulikuwa katika darasa la kisomo cha watu wazima kule Mandawa: je, somo la kuandika barua likirekodiwa kwenye kanda, litawafaa? Kinasa sauti nilijifunza mwenyewe, kwa bisibisi na kukosea. Nakiri, mimi ni mtu wa wasiwasi. Somo la dakika kumi na tano nililirekodi mara ishirini na tisa. Jogoo akiwika, naanza upya. Pumzi ikisikika, au nikinyamaza kidogo, naanza upya. Mwishowe ikabaki sauti tupu, imenyooka, haina hata kikohozi.

Siku ya kwanza walikuja watu thelathini. Wiki ya tatu walibaki wanne, mmoja amesinzia. Na msimamizi wangu alikuwa ameandika kwamba atafika baada ya siku kumi! Bila darasa hakuna utafiti, bila utafiti hakuna shahada. Nikaandika barua ya kujitoa chuoni. Hata hiyo, ndugu zangu, niliiandika mara sita.

Nikiwa njiani kuipeleka posta, nikakutana na mama mmoja mkulima wa ufuta, mmoja wa waliotoroka darasani.

"Mama, nimewakosea nini?"

"Wewe hujatukosea, mwalimu. Huyo wa kwenye sanduku ndiye hana adabu."

"Lakini yule ni mimi mwenyewe, mama."

"Basi ukiingia humo, adabu unaiacha nje! Huku kwetu mtu akisimulia, anasema kidogo, ananyamaza, tunaitikia, ndipo anaendelea. Wewe unakwenda tu kama unayefukuzwa na nyuki. Tukiitikia, umeshatuacha. Tusipoitikia, tunaona aibu. Tukasema, bora tukapalilie."

Nawaambia, nilisimama pale barabarani na barua yangu mkononi, nikacheka mpaka machozi. Kumbe nafasi zile nilizokuwa nazikata kwa bidii ndizo zilizokuwa darasa lenyewe.

Nikamwomba aje na wenzake, tukarekodi upya pamoja. Mimi nasema, nanyamaza, wao "Eee!" Mama akadakia, "Sasa anwani naiweka wapi?" Jogoo naye akawika. Tulirekodi mara moja tu. Vidole viliniwasha, lakini sikufuta.

Msimamizi alipofika, watu walijaa hadi mlangoni. Akasikiliza kanda, jogoo akawika, akanitazama. Akasema, "Huyo jogoo usimguse."

Shahada nikaipata. Nawashukuru wanakisomo wa Mandawa, na mwalimu mwenzangu wa Nambambo aliyeniazima betri za redio yake wakati madukani hazionekani. Nilichojifunza ni hiki: ukifundisha, waachie watu mahali pa kuitikia, hata kama pataingia kikohozi.

Na ile barua ya kujitoa? Karatasi zilikuwa adimu, mama akaiomba. Nyuma yake akaandika barua yake ya kwanza maishani, akampelekea dada yake aliyeko Lionja. Mpaka leo sijui dada mtu alianza kusoma upande upi.