Chini ya Mzigo

Mbele ya duka la kahawa la Agostino, pale Red Hook, mtaa wetu wa makuli wa bandari, kuna benchi ambalo zamani mchana lilikuwa tupu, maana mchana wanaume tulikuwa ndani ya meli. Mwaka ule wa 1966 lilijaa tangu asubuhi. Kazi ilikuwa imehamia ng'ambo ya ghuba, New Jersey, kwenye masanduku ya chuma, yale makontena.

Nunzio, tuliyemwita Kulabu, alishikilia kwamba masanduku hayadumu. Kila kampuni ina sanduku la saizi yake, alisema, la huyu haliingii meli ya yule. Gaspare, aliyeikimbia seminari tukambandika jina la Askofu, alimwambia habari hizo zimepitwa. Wakubwa wa kampuni wamekaa wakakubaliana: futi ishirini au arobaini, pembe zote sawa, sanduku lipande meli yoyote, lori lolote.

— Basi tumekwisha, nikasema.

— Tumekwisha wapi? Dhoruba moja tu, yote baharini, akasema Kulabu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Mama wa nani? akauliza Askofu. Wa sanduku?

Kulabu akaja na jipya: masanduku yale ni matupu, yanazungushwa tu ili tufe njaa, tuhame, nyumba zetu zichukuliwe. Askofu akasema hayatabaki matupu kwa muda mrefu.

— Mwisho watatupakia sisi humo, akaongeza, waturudishe kwetu Palermo.

Hatukucheka sana.

Ndipo akaja Concetta, mjane wa Rocco, amevaa nyeusi. Rocco alikuwa wa kundi letu. Majira ya kuchipua kamba ya winchi ilikatika, magunia yakamwangukia ndani ya tumbo la meli. Kulabu akampisha akae, lakini yeye akabaki amesimama.

— Shemeji zangu, kule kwenye masanduku, mzigo ukishushwa, kuna mtu anasimama chini yake?

— Hakuna, shemeji, Askofu akasema taratibu. Kreni inashusha yenyewe. Watu wanakaa mbali.

— Kwa hiyo yangefika hapa mapema, Rocco wangu angekuwa hai?

Askofu alitazama kikombe chake. Kwenye mgomo tuliofanya kabla Rocco hajafa, wa kuyazuia masanduku yasikanyage gati letu, yeye ndiye aliyesimama mbele, sisi nyuma yake tukimpigia makofi. Concetta alijua. Alitutazama mmoja mmoja, akangoja.

Filimbi ikalia gatini. Meli ya magunia imefika, wanatakiwa watu.

Tukanyanyuka wote, tukampita pale pale aliposimama.