Alinanuswe Kibona na Kompyuta Zilizolala Ndani ya Kompyuta

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Ndugu Alinanuswe Kibona, fundi mkuu wa kompyuta wa Asasi ya Elimu Pambazuko, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Ofisi ya Tunduma itapooza. Nani mwingine atasimama dirishani na kikombe mpaka chai ipoe, akitazama malori ya mpakani, halafu ageuke na jibu la swali aliloulizwa asubuhi? Tulizoea kuambiana kwamba Kibona kasafiri, tumsubiri arudi.

Huko alikokuwa akisafiri kimawazo aliwaona watoto wa vituo vyetu vya vijijini, Ndalambo, Ruanda na Ivuna, kila mmoja na kompyuta yake. Hatukuwa na uwezo huo. Yeye akataka kila kituo kiwe na seva moja, na programu ya kuigawa ili ndani yake ziamke kompyuta nyingi. Bodi haikumwelewa. Akawapeleka Ruanda msimu wa kahawa, wakaone kikundi cha wakulima kinavyomenya kwa mashine moja bila kahawa ya Mama Enesi kuchanganyika na ya jirani. Walielewa, na wakarudi na kahawa ya bure.

Programu hiyo ilikuwa na leseni ya bei nafuu kwa asasi za elimu zisizo za faida. Kibona aliomba, akakataliwa; akaomba tena, wapi! Kumbe, kama wengi wetu hapa, alikuwa akitumia laini ya Zambia kwa sababu ya bando lake la bei rahisi. Wenye programu waliona asasi ya Tanzania inayoomba kutoka Zambia, wakahisi utapeli. Akapanda gari hadi Vwawa, ambako mtandao wa Zambia haufiki, akaweka laini ya nyumbani, na punguzo likatoka. Mwaka mzima tulimsalimia kwa “muli shani”, hujambo ya Wazambia.

Kisha, miaka miwili iliyopita, punguzo likafutwa. Uongozi ukaamua kufunga Ivuna, kituo cha mbali kuliko vyote, na hapo ndipo tulipomwona Kibona amekasirika. Aliomba apewe muda wa mvua tu, ahamishie seva zote kwenye programu huria, ambayo leseni yake ni bure. Wengi walisema anaota. Alikuwa anaota kweli, ila mikono ilikuwa kazini. Barabara ikiwa tope tupu, alikaa Ivuna kwa wachemsha chumvi, akimfundisha mwalimu wa kituo, Tusekile, kila hatua. Shule zilipofunguliwa skrini ziliwaka, na watoto hawakujua kwamba walikuwa wamekaribia kuzikosa.

Hata hivyo hofu moja haikumwacha: kwamba siku akiondoka yeye, Ivuna itazimika.

Wiki iliyopita alikwenda kuaga. Akakaa mbele ya seva, akaandika nywila yake, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Tusekile alikuwa ameibadilisha akasahau kumwambia, na sasa mwalimu huyo alikuwa katikati ya kipindi, hakutaka kukatishwa. Basi fundi mkuu akasubiri kwenye benchi la nje kama mgeni, akisikiliza kibodi zikigongwa. Alirudi Tunduma akiwa na furaha ambayo hatujawahi kumwona nayo.

Asante sana, kaka Kibona, kwa yote. Mungu akujalie afya na siku ndefu kwenye vilima vya Ileje. Lala hata mchana. Ivuna haitakupigia simu.