Picha ya Mwenye Mabawa

Ndani ya treni, mpishi wa hoteli alikuwa akilalamika, na fundi cherehani aliyekaa mbele yake akatega sikio, maana umbea haujawahi kumpita.

“Siku hizi mteja anabonyeza simu tu. Hata salamu hakuna!”

Mwanamume aliyekaa kando ya mpishi akajibu polepole. “Dada, mi-mimi nina kigugumizi. Nikipiga simu kuagiza, mlikuwa mnanikatia. Miaka yote nimekula wali na maharage, maana jina la yule mwenye mabawa hunikwama. Sasa nabonyeza picha yake, analetwa.”

Mpishi akamgeukia. “Basi njoo ule palepale kwangu, kaka. Nikupikie nini?”

“K… k…”

Fundi akafungua mdomo amsaidie. Mpishi akamwinulia kidole, anyamaze. Treni ikasimama kwenye kituo cha mpishi kushuka. Hakuinuka.