Maisha ya Felisiani Beda, Aliyelinda Msitu wa Chuo na Moto

Baba Padri, walimu na wanafunzi wa chuo, ndugu na majirani, mimi Lydia, kitinda mimba wake, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1941 huko Mwazye, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la sita, mwaka 1962 akaajiriwa kwenye mashamba ya miti ya serikali, na tarehe 8 Oktoba 1966 akafunga ndoa takatifu na mama yetu Bertha, wakajaliwa watoto sita, tuliobaki ni wanne.

Mwaka 1993 wafanyakazi walipopunguzwa naye alipunguzwa, akarudi kulima mahindi na ulezi, lakini hakutulia, na chuo kikuu cha kanisa kilipofunguliwa hapa Sumbawanga mwaka 1997 akapewa kazi ya kutunza msitu ulio juu ya chemchemi, ambayo chuo na sisi wa bondeni tunaitegemea. Kila kiangazi kuna wanaochoma nyasi ili wapate panya, moto unapanda mlimani, na mwaka 1999 uliteketeza nusu ya miti, baba akawashutumu wafugaji, kumbe waliowasha ni vijana wa ukoo wetu, basi akaenda mwenyewe kwa Mzee Bundala, mkubwa wa wafugaji hao, kuomba radhi, akakaribishwa maziwa, na baba akamwombea kwa Padri ruhusa ya kulisha ng'ombe ukingoni mwa msitu ili moto ukose nyasi, na tangu hapo Mzee Bundala akawa anamtania, "Wewe Mfipa, ng'ombe wangu wameajiriwa chuoni, sare utawashonea lini?"

Alianza kuugua mapafu Juni 2003, akalazwa mara tatu, na kila tulipoingia wodini aliuliza upepo unatoka wapi kabla ya kuuliza habari za wajukuu, mwezi huu akatoka kitandani kwenda kufyeka njia ya kuzuia moto upande wa juu, tukamrudisha amebebwa, na tarehe 14 Septemba 2004 alfajiri akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa dada Fortunata aliyemfulia baba shuka bila kuombwa, wanafunzi waliotuchotea maji, wenzake wa kazini, na Mzee Bundala aliyelala hapa nje na wanawe tangu msiba uanze.

Upande ule wa juu haujaisha kufyekwa, na tangu asubuhi mnauona moshi kama sisi, kwa hiyo familia inawaomba wenye majembe na mapanga, tukishamzika, msirudi nayo nyumbani, tupande wote mlimani, chakula cha msiba kitaletwa huko huko.

Pumzika kwa amani, baba, moshi tumeuona.