Daftari la Getini na Dokta Aliyelisoma

Mheshimiwa Meya, ambaye uso wako ulitukaribisha sote kwenye bango la ukumbi kabla hujafika mwenyewe, Baba Paroko, Mkuu wetu wa Shule, Bi. Purificacion Umali, Dokta Liwayway Bantigue, mgeni tunayemuaga leo, walimu wetu na wazazi wetu, ndugu wageni waalikwa mliokaa karibu na feni, na ninyi wanafunzi wenzangu mliokaa mbali nazo: nawasalimu kwa heshima.

Ninaitwa Luningning Katigbak, wa darasa la kumi. Nimepewa heshima ya kumuaga Dokta kwa niaba ya wanafunzi wa Sekondari ya San Gabino. Bi. Mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Ning, mwanangu, sifa tupu. Usituletee mambo." Nikaandika, akaipitia hotuba, akaipenda. Hii ninayoisoma ni ya pili, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha ametufundisha kwamba rasimu ya kwanza haitoshi. Hata hivyo agizo nimelishika. Kila nitakachosema ni sifa.

Nianze kwa kuisifu shule yetu kwa unadhifu wa vichwa. Kila Jumatatu, bendera ikishapanda, wavulana wakiwa kwenye mstari wao na wasichana kwenye wao, mwalimu wa nidhamu hupita na rula. Mvulana ambaye nywele zake zimegusa kola hutolewa. Msichana aliyenyoa kama askari naye hutolewa, ingawa hadi leo hatujaelezwa kama anatakiwa kusubiri nje mpaka ziote. Mzee Kulas, mlinzi wetu, huyaandika majina yao kwenye daftari la getini, nao huenda mjini kurekebishwa. Kinyozi wa mji wetu ni mmoja tu, na Jumatatu hafungui, maana Jumapili ni siku ya kupiganisha majogoo, na Jumatatu ni siku ya kuwauguza au kuwala.

Na kipindi cha kwanza cha Jumatatu, ndugu zangu, ni kipindi cha kusoma.

Dokta alikuja kwetu mwezi Juni kutoka chuo kikuu. Alitaka kujua namna wanavyojifunza kusoma na kuandika vijana wale ambao huku tunawaita bakla, yaani wavulana wenye mwenendo wa kike, na tomboi, wasichana wenye mwenendo wa kiume, siku nyingine kwa upendo na siku nyingine kwa mawe, na shule ingeweza kubadilika vipi ili nao wawe watoto wake. Tulimpokea kwa maandalizi makubwa. Sisi tunaosoma vizuri tuliketishwa mbele. Wale aliokuja kuwaona tuliwaketisha nyuma, wasije wakatuaibisha.

Akakabidhiwa orodha ya wasomaji dhaifu, majina kumi na saba, pamoja na maelezo ya mdomo: "Hawa, Dokta, si watu wa vitabu. Hawa ni watu wa poda na mpira wa wavu." Mtafiti mwingine angeyaandika hayo, akala tambi zetu za pansit, akarudi Manila. Dokta Bantigue aliomba kuliona daftari la getini.

"La nini tena?" Mzee Kulas akamuuliza. "Humu mna majina tu, Dokta."

"Hayo hayo ndiyo ninayoyataka, Mzee. Na waliporudi, uliandika saa ngapi?"

"Kurudi? Mimi naandika wanaotoka. Kurudi si idara yangu."

Basi Dokta akaiweka orodha kando ya daftari, juu ya kiti cha mlinzi, akaanza kufuata majina kwa kidole. Kati ya wale kumi na saba, kumi na watano walikuwa pande zote mbili. Wawili waliobaki walihitaji miwani.

Je, tulikuwa hatujui? Tulijua kila kitu, ila kwenye karatasi tofauti. Wala isisemwe kwamba shule haikuchukua hatua. Ilipoona wasomaji dhaifu wanaongezeka, iliwaongezea kipindi cha pili cha kusoma. Ikakiweka Jumatatu, mara tu baada ya kile cha kwanza.

Ilipofika Januari, Dokta aligundua jambo lililomshangaza zaidi. Kati ya wale kumi na watano, kadhaa walikuwa wanasoma kutushinda sisi wa mbele. Wamefundishwa na nani, na wapi? Jumatatu moja akawafuata. Mimi nilimsindikiza, maana njia hiyo ina mbwa. Tukafika saluni kwa Mama Osang.

Mama Osang hahitaji kutambulishwa. Kanisani alibatizwa jina la kiume, na Baba Paroko analo kwenye kitabu chake. Lakini hakuna bibi harusi wa mji huu, wala malkia wa maua wa mwezi Mei, ambaye hakupita mikononi mwake. Siku ile alikuwa ameshamkata Isay ncha kidogo za nywele, kwa ajili ya amani, kisha akamtupia boksi la dawa ya kupaka nywele rangi. Isay ni mwanafunzi mwenzangu. Kwenye rejista ya shule ni mvulana aitwaye Isidro Malabanan. Kwingine kote ni Isay.

"Soma, bibi wee! Macho yangu yamekwisha. Nikiiacha ikazidi, mteja akatoka hapa kama jogoo aliyeshindwa, nani atamtazama mumewe usoni?"

"Usi... usiache zaidi ya dakika ishirini."

"Ishirini au thelathini?"

"Ishirini, Mama. Halafu chini kuna onyo."

"Onyo ndilo tamu! Soma mpaka nukta."

Hivyo ndivyo walivyojifunza. Walianza na maboksi, kisha magazeti, kisha fomu za akina mama wanaoomba kazi ng'ambo, kisha barua za hao waliokwishakwenda. Huko hakuna aliyewaambia si watu wa vitabu, kwa sababu palikuwa na mtu mwenye dawa kichwani anayengoja jibu. Na kwenye meza kuu leo kuna kichwa kimoja ambacho siku ile kilikuwa kimejaa dawa, dakika ya kumi na tisa. Sitakitaja. Nywele zake zimependeza sana.

Mwezi uliopita yalifanyika mashindano ya kusoma, ili apatikane wa kutoa hotuba hii. Aliyeshinda ni Isay. Mimi nilikuwa wa pili. Kisha likaja sharti: mshindi atasimama hapa, mradi nywele zikatwe juu ya kola; asipokata, asipite getini. Nilimwendea nikamwambia, "Kata tu, mwenzangu. Nywele si huota?"

Akacheka. "Nimeshakata mara tatu, Ning. Ya kwanza, wakasema bado natembea vibaya. Ya pili, bado nacheka vibaya. Ya tatu, mikono yangu inapepea. Sasa ya nne nikate na miguu?"

Hakukata. Ndiyo maana mnamsikiliza mshindi wa pili akimshukuru mtafiti aliyetuonyesha kwamba tunawatoa wasomaji wetu nje ya geti.

Dokta, tunakushukuru kwa sababu hukutufokea. Katika taarifa yako uliomba jambo dogo tu la kuanzia, kwamba mtoto asome kwanza, kichwa chake kikaguliwe baadaye kama ni lazima kikaguliwe. Shule imelipokea ombi lako kwa uzito unaostahili. Imeunda kamati. Kamati itakutana Jumatatu, kipindi cha kwanza.

Hotuba hii ina ukurasa mmoja zaidi, ule wa shukrani. Aliuandika Isay, naye anao mkononi. Ukumbi wetu hauna kuta, kwa hiyo mkigeuka mtamwona pale getini, amevaa sare iliyopigwa pasi, amezifunga nywele nyuma kwa utepe. Jina lake limeshaandikwa daftarini, ingawa leo si Jumatatu.

Bi. Mkuu, mama yetu, nilipokuwa darasa la saba, mwaka wangu wa kwanza hapa, ulikaa nami siku nzima nilipougua, ukanilisha uji kwa mkono wako. Kwa hiyo najua moyo wako ulivyo, na ninauomba huo huo. Mzee Kulas anangoja ishara yako tu. Haihitaji kamati.

Nasubiri, kwa kuwa kurasa zangu zimekwisha.

Naona Bi. Mkuu amegusa nywele zake. Ameinamisha kichwa. Kutoka hapa nilipo siwezi kujua kama amekubali au ni joto. Lakini Mzee Kulas ameamua kwamba amekubali, na geti lile linafunguka.

Mzee Kulas, tafadhali, leo andika na saa aliyorudi.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni mshindi.